KAMALUDDIN AL-FARISI: MWANACHUONI ALIYELITAFUTA JIBU LA UPINDE WA MVUA NDANI YA TUFE LA KIOO

 

 

Katika kurasa hizi za maisha ya wanavyuoni, wengi tunaowataja huwa ni mafakihi, wafasiri na wapokezi wa hadithi. Hao ndio taa zetu, na hatutaacha kuwataja. Lakini mara nyingi wanafunzi hutuuliza: je, hawakuwepo Waislamu waliozama katika elimu ya maumbile kama walivyozama wengine katika elimu ya sheria? Walikuwepo, tena wengi. Safari hii tumemchagua mmoja ambaye jina lake halisikiki sana katika darsa zetu, ijapokuwa wanaoandika historia ya sayansi duniani wanamjua vizuri. Naye ni Kamaluddin al-Farisi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeeleza njia ya mwanga ndani ya tone la mvua hata ukatokea upinde tunaouona mbinguni.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ALIZOISHI

Kamaluddin alizaliwa mwaka 665 Hijria, sawa na mwaka 1267 Miladia. Nisba yake, al-Farisi, inamnasibisha na Fars, jimbo la kusini mwa Uajemi ambalo mji wake mkuu ni Shiraz. Nisba hii si ngeni masikioni mwetu watu wa pwani.

Ili tumwelewe mtu huyu, hatuna budi kuzielewa zama zake. Alizaliwa miaka tisa tu baada ya Wamongoli kuivamia Baghdad, mwaka 656 Hijria (1258). Khalifa aliuawa, watu wengi mno waliuawa, na hazina za vitabu zilizokusanywa kwa karne nyingi zikapotea. Waislamu wengi waliona kuwa elimu imezikwa pamoja na mji ule.

Lakini Mwenyezi Mungu haiachi nuru ya elimu izimike. Mwaka mmoja baada ya msiba huo, katika mji wa Maragha, kaskazini-magharibi mwa Uajemi, ilianza kujengwa nyumba kubwa ya kuangalia nyota. Aliyeisimamia alikuwa Nasiruddin al-Tusi, na aliyetoa mali ya kuijenga alikuwa Hulagu, mfalme yule yule wa Kimongoli aliyeibomoa Baghdad. Wakakusanyika pale wanahisabati na wanafalaki kutoka nchi mbalimbali, na vitabu vilivyosalimika vikapelekwa huko. Haukupita muda mrefu, wajukuu wa wavamizi wakasilimu. Ghazan Khan alisilimu mwaka 694 Hijria (1295), na mji wake wa Tabriz ukawa kituo cha wanavyuoni. Ni katika mazingira hayo, ya msiba uliopita na jengo linaloinuka, ndipo alipokulia na kusomea Kamaluddin.

MWALIMU WAKE

Mwalimu aliyemwathiri zaidi ni Qutbuddin al-Shirazi (634–710 H / 1236–1311). Huyu alitoka katika ukoo wa matabibu. Baba yake alifariki Qutbuddin akiwa kijana wa miaka 14 tu, akashika nafasi ya baba yake katika hospitali ya Shiraz. Baadaye alisafiri kwenda Maragha kusoma kwa al-Tusi. Alipata kuwa kadhi katika miji ya Sivas na Malatya, nchi ambayo leo ni Uturuki, na mwaka 1282 alitumwa Misri kama mjumbe kwa Masultani wa Kimamluki. Mwishowe akaweka makazi Tabriz, akifundisha na kuandika mpaka alipofariki.

Basi huyu alikuwa mwalimu aliyeyaona mengi, mwenye jina kubwa na vitabu vingi. Wanafunzi wetu wazingatie hilo kabla hatujafika kwenye kisa kinachofuata.

SWALI LA MWANAFUNZI NA KITABU KILICHOTOKA MBALI

Kamaluddin alipokuwa akisoma elimu ya mwanga, alikutana na jambo lililomtatiza. Mwanga una tabia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuakisiwa, yaani kurudishwa unapogonga kitu kama kioo cha kujitazamia. Neno letu akisi linatokana na neno la Kiarabu wanavyuoni walilolitumia, in'ikasi. Tabia ya pili ni kupinda, ambako kwa Kiarabu waliita in'itafu. Mwanga hupinda unapotoka katika kitu kimoja kiangavu na kuingia katika kingine, kwa mfano kutoka hewani kuingia majini. Ndiyo maana ukitumbukiza kijiti ndani ya glasi ya maji, kijiti kinaonekana kama kimevunjika.

Katika kuakisiwa, pembe ya kuingia na pembe ya kurudi ni sawa. Hilo halina mgogoro. Lakini Kamaluddin alikuta katika maneno ya baadhi ya wakubwa wa elimu kwamba hata katika kupinda mambo ni hivyo hivyo, pembe mbili ni sawa. Alipolipima jambo hili akaliona haliwi. Akawa na hiari mbili: anyamaze kwa kuwa waliosema ni wakubwa, au aulize. Akamwendea mwalimu wake akamwelezea tatizo lake.

Qutbuddin hakumkemea wala hakumwambia kuwa yeye ni mdogo, hana haki ya kuyatilia shaka maneno ya watangulizi. Alikumbuka kuwa zamani, alipokuwa kijana, aliwahi kuona katika maktaba moja huko Fars kitabu juu ya elimu ya kuona, kilichonasibishwa na Ibn al-Haytham, katika majalada mawili makubwa. Akafanya jitihada mpaka nakala ya kitabu hicho ikapatikana kutoka nchi ya mbali, akampa mwanafunzi wake. Hicho kilikuwa Kitab al-Manazir.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra mwaka 354 Hijria (965) na kufariki Cairo karibu mwaka 430 Hijria (1040). Alikuwa imamu wa elimu ya mwanga. Kitabu chake kina sehemu saba, na sehemu yake ya mwisho inahusu kupinda kwa mwanga. Ajabu ni kwamba huko Ulaya kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kilatini, ilhali katika nchi za Waislamu mashariki kilikuwa hakijulikani hata kwa wanavyuoni wengi. Fikirini, ndugu wasomaji, lau mwanafunzi yule angenyamaza, au lau mwalimu yule angekasirika, kitabu kile kingeendelea kulala katika vumbi.

Kamaluddin alikisoma kitabu chote, na kwa maelekezo ya mwalimu wake akaandika sharhe yake aliyoiita Tanqih al-Manazir. Tanqih ni kusafisha na kupogoa, kama mkulima anavyoupogoa mti ili uzae vizuri. Ndani yake alifupisha alichokisema Ibn al-Haytham, akakieleza, na pale alipoona pana haja, akakisahihisha. Humo ndimo lilimo jambo la upinde wa mvua.

WALIOTANGULIA WALISEMA NINI?

Upinde wa mvua uliwashughulisha watu tangu zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliona kuwa upinde ni mwanga wa jua ulioakisiwa na wingu. Ibn Sina (370–428 H / 980–1037) alipiga hatua moja muhimu. Aligundua kuwa upinde hauko katika wingu jeusi lenyewe, bali katika matone madogo madogo ya unyevu yaliyo mbele ya wingu. Lakini katika suala la rangi, yeye mwenyewe alikiri kuwa hakuridhika na maelezo aliyoyapata.

Ibn al-Haytham naye aliandika risala juu ya upinde. Pamoja na ukubwa wake, katika suala hili hakufika. Aliliona wingu lote kama kioo kimoja kilichobonyea, kinachoakisi mwanga wa jua kuja machoni mwetu. Yaani aliangalia kitu kikubwa, wingu, na siri ilikuwa katika kitu kidogo, tone.

Hata hivyo Ibn al-Haytham alikuwa ameandika risala nyingine, juu ya tufe linalounguza. Ukiliweka tufe la kioo au la bilauri juani, miale ya jua huingia, hupinda, na kukusanyika upande wa pili mahali padogo hata kuweza kuunguza. Ndiyo sababu si vizuri kuacha chupa ya maji juani karibu na karatasi au pazia. Katika risala hiyo Ibn al-Haytham alifuatilia kwa hesabu kila mwale unavyoingia na kutoka katika tufe. Hakuiunganisha na upinde wa mvua. Aliyeziweka risala hizo mbili pamoja, moja iliyopatia na moja iliyokosea, ni Kamaluddin, karibu miaka 300 baadaye. Wapo wanahistoria wanaoona kuwa mwalimu wake Qutbuddin naye ana fungu katika wazo hili, na hilo si ajabu kwa mwalimu na mwanafunzi walioshirikiana kiasi kile.

TUFE LA KIOO NDANI YA CHUMBA CHA GIZA

Kamaluddin alifikiri hivi. Tone la mvua ni kitufe kidogo cha maji. Ni dogo mno, tena linaanguka, hatuwezi kulishika tukalitazama. Lakini kitufe ni kitufe, kiwe kidogo au kikubwa; njia ya mwale ndani yake haibadiliki kwa sababu ya ukubwa. Basi tukipata tufe kubwa la maji, tutakuwa tumepata tone la mvua lililotulia mbele ya macho yetu.

Akachukua tufe la kioo chembamba akalijaza maji. Alijua kwamba kioo chenyewe nacho kinapinda mwanga, akalichunguza hilo, akaona kuwa kwa wembamba wake hakiharibu matokeo. Kisha akaliweka tufe hilo katika chumba cha giza, akauruhusu mwanga wa jua uingie kwa tundu.

Kwa nini chumba cha giza? Kwa sababu nje mwanga hutoka kila upande, na mtu hawezi kujua mwale upi umefanya nini. Ndani ya giza, mwanga unaoingia kwa tundu ni mmoja unaojulikana ulikotoka. Akawa anatazama tufe kutoka pembe mbalimbali, na akiziba baadhi ya sehemu zake ili ajue mwanga ulioingia sehemu fulani unatokea wapi. Kikiondoka kitu pale alipoziba, alijua chanzo chake. Hii ndiyo njia ya utafiti ambayo Ibn al-Haytham aliisisitiza sana: usitosheke na dhana, lipime jambo. Kamaluddin alimsahihisha bwana wake kwa silaha ile ile aliyorithi kwake.

SAFARI YA MWALE NDANI YA TONE

Sasa tuifuate safari hiyo aliyoieleza, polepole, ili hata wadogo zetu wa madarasa ya chini waelewe.

Mwale wa jua unafika kwenye tone na kuingia ndani. Unapoingia, unapinda mara ya kwanza. Unakwenda mpaka ukuta wa nyuma wa tone. Hapo sehemu ya mwanga inatoka na kupotea, na sehemu nyingine inaakisiwa na kurudi mbele. Unapotoka tena hewani, unapinda mara ya pili na kuja kwenye jicho la mwenye kutazama. Kupinda mara mbili na kuakisiwa mara moja: hiyo ndiyo siri ya upinde mkuu.

Huenda mmeona kuwa wakati mwingine juu ya upinde mkuu hutokea upinde mwingine uliofifia, na rangi zake zimepangika kinyume. Katika upinde mkuu rangi nyekundu iko nje. Katika ule wa pili nyekundu iko ndani. Kamaluddin alieleza kuwa huo wa pili unatokana na miale iliyoakisiwa mara mbili ndani ya tone badala ya mara moja. Kwa kuwa kila kuakisiwa kunapunguza mwanga, upinde wa pili hauna budi kuwa hafifu. Na kwa kuwa mwale umezunguka zaidi, mpangilio wa rangi unageuka.

Vipimo vya leo vinaonesha kuwa upinde mkuu hutokea kwa pembe ya karibu nyuzi 42 kutoka upande ulio kinyume kabisa na jua, na wa pili karibu nyuzi 51. Hapa pana faida kwetu sisi tunaoishi karibu na Ikweta. Jua likipanda juu ya nyuzi 42, upinde unakuwa chini ya upeo wa macho, hatuuoni. Ndiyo maana mtu aliyesimama uwanda wa tambarare huona upinde asubuhi mpaka takriban saa tatu, na tena kuanzia takriban saa tisa alasiri, lakini haupati saa sita mchana jua likiwa utosini, hata mvua ikinyesha huku jua linawaka.

UADILIFU KATIKA KUSIFU

Wanafunzi wetu, Uislamu unatuamrisha uadilifu hata tunapowasifu walio wetu. Si haki kusema kuwa Kamaluddin alimaliza kila kitu. Njia ya mwale aliieleza sawasawa, lakini kwa nini mwanga mweupe unatoa rangi hakukukamilisha. Yeye aliona kuwa rangi hutokana na namna taswira za mwanga zinavyokutana na kuchanganyika. Ilisubiri mpaka Isaac Newton wa Uingereza, aliyefanya majaribio ya mche wa kioo katika miaka ya 1660 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1704, kubainisha kuwa mwanga mweupe ni mkusanyiko wa rangi, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake.

Wala hakuwa peke yake. Katika miaka hiyo hiyo, mwanzoni mwa karne ya 14 Miladia, mtawa wa Kijerumani aitwaye Theodoric wa Freiberg alilifikia jibu lile lile, naye kwa kutumia tufe la kioo lenye maji. Hakuna dalili kuwa wawili hawa walipata kujuana. Lakini wote wawili walikuwa wamenywa katika kisima kimoja, nacho ni kitabu cha Ibn al-Haytham. Mmoja kwa Kiarabu, mwingine kwa Kilatini. Elimu ni mto, na haimuulizi mtu ukoo wake anapoinama kuteka.

KAZI ZAKE NYINGINE

Kamaluddin alikuwa pia mwanahisabati hodari. Aliandika sharhe ya kitabu cha hesabu cha Ibn al-Khawwam wa Baghdad, akaiita Asas al-Qawa'id. Aliandika pia risala juu ya namba zinazopendana, aliyoiita Tadhkirat al-Ahbab, yaani ukumbusho kwa wapendanao.

Namba zinazopendana ni nini? Chukua 220. Tafuta namba zote zinazoigawa bila baki, ukiacha yenyewe: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Zijumlishe, utapata 284. Sasa chukua 284: zinazoigawa ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake ni 220. Kila moja inamzaa mwenzake. Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, alikuwa ameweka kanuni ya kuzipata namba hizo. Kamaluddin aliithibitisha kanuni hiyo kwa njia mpya, na akaitaja jozi nyingine: 17296 na 18416. Jozi hiyo ilitangazwa huko Ulaya na Fermat mwaka 1636, zaidi ya miaka 300 baada yake.

KUFARIKI KWAKE NA ATHARI ALIYOIACHA

Kamaluddin alifariki Tabriz mwaka 718 Hijria (1319), akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Mwalimu wake alikuwa amemtangulia kwa miaka minane.

Kitabu chake hakikuenea sana, na ukaja wakati akasahauliwa na wengi. Huko Ulaya, Descartes alilieleza jambo la upinde upya mwaka 1637, na watu wakadhani ndio mwanzo wake. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo mtafiti wa Kijerumani, Eilhard Wiedemann, alipoanza kuandika juu ya kazi ya Kamaluddin. Kisha Tanqih al-Manazir ikachapishwa kwa Kiarabu katika majalada mawili huko Hyderabad, India, mwaka 1347–1348 Hijria (1928–1930).

Lakini swali lake halikufa. Swali la nini hutokea mwanga unapogonga kitufe kidogo limeendelea kuwashughulisha wataalamu hadi leo. Mwaka 1908 Gustav Mie wa Ujerumani alitoa hesabu kamili ya namna kitufe chochote kinavyoutawanya mwanga, hata kiwe kidogo kuliko tone la ukungu. Alikuwa akichunguza rangi za maji yenye chembe ndogo sana za dhahabu. Katika udogo huo ukubwa wa kitufe unaleta tofauti, jambo ambalo tufe la Kamaluddin lisingeweza kulionesha. Mwaka 1970 Arthur Ashkin wa Marekani alionesha kuwa mwanga wa leza uliokusanywa mahali pamoja unaweza kuvisukuma vitufe vidogo, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakaweza kukishika kitufe kimoja kwa mwale mmoja tu, kama mtu anavyoshika kitu kwa koleo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 96.

Na msidhani haya yako mbali nasi. Katika hospitali kubwa ziko mashine zinazopitisha chembe za damu moja moja mbele ya mwale mwembamba wa leza. Mwanga unaotawanyika mbele huonesha ukubwa wa chembe, na unaotawanyika pembeni huonesha yaliyomo ndani yake. Kwa njia hiyo daktari hujua chembe za aina gani ziko ngapi. Mgonjwa anayepimwa damu hamjui Kamaluddin, lakini fikra ni ile ile: peleka mwanga unaoujua kwenye kitufe, utazame unatokea wapi, nacho kitakwambia kilivyo.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kuuliza si utovu wa adabu. Kamaluddin aliuliza kwa heshima, akamwendea mwalimu wake faragha ya elimu, hakusimama kumfedhehesha mtu. Mwanafunzi mwenye swali aliyenyamaza kwa aibu anajidhulumu.

2. Mwalimu na mzazi wasiliue swali la mtoto. Qutbuddin alikuwa kadhi, tabibu na mjumbe wa mfalme, lakini hakuona unyonge kukubali kuwa jibu liko kwa mwingine. Sisi walimu na wazazi tukilijibu swali la mtoto kwa ukali, huenda tunafunga mlango ambao Mwenyezi Mungu alitaka kuufungua.

3. Kumheshimu mwanachuoni si kumfanya asiyekosea. Asiyekosea katika kufikisha ujumbe wa Mola wake ni Mtume (S.A.W.). Wengine wote, maneno yao hupokelewa na hurudishwa. Kamaluddin alimsahihisha Ibn al-Haytham juu ya upinde, na bado akatumia miaka ya umri wake kukihifadhi na kukieleza kitabu chake.

4. Kujua sababu hakuondoi utukufu wa Muumba. Wako wanaohofu kuwa ukieleza upinde kwa miale na matone, ishara ya Mwenyezi Mungu inapungua. Sivyo. Qur'ani Tukufu inawasifu wenye akili wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Aliyejua kuwa kila tone dogo limewekewa kanuni isiyokosea hata mara moja, anazidi kusema Subhanallah kwa moyo uliojaa.

5. Msiba usitukatishe tamaa. Watu hawa walizaliwa katika majivu ya Baghdad. Hawakukaa kulia tu. Waliokota kitabu kilichobaki, wakakisoma, wakakiongeza.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Asubuhi au alasiri jua likiwa limeshuka, lipe jua mgongo, kisha rushia maji hewani kwa mpira wa bustani ukiwa umeziba nusu ya mdomo wake kwa kidole ili yatawanyike. Tazama upande wa kivuli chako. Usilitazame jua lenyewe, linaharibu macho. Kisha jibu katika daftari lako: (a) Rangi ipi iko nje? (b) Unaposogea, upinde unakaa mahali pale pale au unakufuata? (c) Rudia saa sita mchana, ukirusha maji mbele yako. Je, unauona juu ya upeo wa macho? Eleza kwa nini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Kamaluddin al-Farisi na walimu wake, awape wanafunzi wetu macho yenye kutazama na nyoyo zenye kuzingatia, na atujaalie elimu yenye manufaa duniani na Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.